Garimoshi la Utomvu

Mtoto wa pwani asiye na chombo huunda dau la karara la mnazi, akalitweka tanga la jani, akalisukuma majini. Mtoto wa bara huunda gari la mabua, akalivuta kwa kamba mchana kutwa. Hakuna awachekaye, kwa kuwa dunia imewapa watoto ruhusa ya kuvifanya vidogo vitu vilivyo vikubwa mno kwao. Lakini mtu mzima mwenye mvi aonekanapo ameinama juu ya meza, miwani puani, akikwangua kwa wembe kipande cha garimoshi kisichozidi ukucha, watu hutazamana. Huuliza kazi hiyo ina faida gani. Swali hilo ni la haki na lastahili kujibiwa, ila jibu lake halipatikani kwa kubishana. Hupatikana kwa kuitazama kazi yenyewe tangu mwanzo hata mwisho wake.

Mwalimu mmoja wa hesabu, aliyekwisha kustaafu na kukaa mjini Tanga, aliletewa na binti yake kijisanduku cha karatasi ngumu kutoka Uingereza, ambako binti huyo ni muuguzi. Ndani yake mlikuwa na barua fupi: "Shikamoo, Baba. Tangu tukiwa wadogo ulitusimulia habari za garimoshi la Babu. Nimemwona mzee mmoja huku ambaye hutengeneza mifano ya magarimoshi ya namna hiyo nyumbani kwake, nikakukumbuka. Vipande havijaunganishwa. Najua ungekasirika kama vingekuwa vimeunganishwa." Mwalimu alicheka peke yake, maana binti alimjua vema baba yake.

Chini ya barua palikuwa na vipande ishirini na vitatu, vyeupe mfano wa maziwa yaliyoganda: ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto, boila, dohani, paa la kibanda cha dereva, sanduku la kuni, taa moja, na vingine ambavyo havikutambulika mara moja. Palikuwa na waya mwembamba wa shaba, karatasi ya maelezo, na gari la chini lililokwisha kuundwa kiwandani, lenye magurudumu manne na mota isiyozidi kokwa ya tende. Vyote vikiunganishwa vingefanya garimoshi lenye urefu wa kidole cha shahada.

Garimoshi hilo lilikuwa mfano wa yale yaliyoundwa na kampuni ya Orenstein & Koppel, iliyoanzishwa Berlin mwaka 1876 na Benno Orenstein na Arthur Koppel. Sifa yake ilienea kwa reli nyepesi na magarimoshi madogo, ambayo iliwauzia wenye migodi, machimbo ya mawe na mashamba katika pembe nyingi za dunia. Reli nyingi za namna hiyo zilikuwa na upana wa milimita 600 baina ya chuma na chuma, chini ya hatua moja ya mtu mzima. Reli kuu itokayo Tanga, ambayo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911, ina upana wa mita moja, nayo pia huhesabiwa miongoni mwa reli nyembamba. Basi reli ya shamba ilikuwa nyembamba kuliko nyembamba.

Mkonge ndio ulioziita reli hizo. Mmea huo, ambao asili yake ni Mexico, uliletwa Tanganyika na Dk. Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na katika hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyofunika nchi kutoka Tanga hata Korogwe na mbali zaidi. Jani la mkonge ni zito, na sehemu kubwa ya uzito wake ni maji na nyama ya jani. Katika kila kilo 100 za majani hupatikana kilo 4 hivi za katani. Tena jani lililokatwa halingoji. Lisipochakatwa upesi hukauka, na nyuzi zake zikawa taabu kukwanguliwa. Kwa hiyo ilikuwa lazima kubeba kila siku, kwa haraka, uzito mkubwa usio na thamani ili upatikane uzito mdogo wenye thamani. Ndipo reli nyembamba zikatandazwa baina ya mistari ya mkonge, na magarimoshi madogo yakavuta matoroli ya majani mpaka kwenye korona, jina ambalo wafanyakazi waliuita mtambo wa kuchakata.

Baba wa Mwalimu alifika katika shamba mojawapo akitoka Kigoma, akiwa manamba, yaani mmoja wa watu walioajiriwa kwa mkataba na kujulikana kwa namba kabla ya kujulikana kwa jina. Alianza kwa kukata majani. Baada ya miaka kadhaa alipewa kazi ya kutia kuni katika garimoshi, akaifanya mpaka karibu na mwisho wa miaka ya 1950. Mwalimu alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Alichokumbuka ni kitu cheusi kikubwa kinachopumua, kikipita mbali kidogo na mlango wa nyumba yao, na baba yake amesimama juu yake mfano wa mfalme, ameinua mkono kumpungia mwanawe. Kumbukumbu hiyo aliitunza miaka yote. Hapakuwa na picha ya kuitegemeza, maana katika shamba lile walipigwa picha mameneja na wageni wao, si watia kuni. Kwa sababu hiyo hakukifungua kijisanduku kile kama mtu afunguavyo mchezo.

Vipande vyeupe vilikuwa vya rezini, ambayo yaweza kuitwa utomvu wa viwandani. Mtengenezaji huchonga kwanza mfano mmoja kamili. Huumwagia mpira laini wa silikoni, nao ukishaganda humpa kalibu. Kisha huchanganya vimiminika viwili na kuvimimina katika kalibu hiyo. Baada ya muda mfupi hushikana vikawa kitu kigumu chenye kila alama iliyokuwa katika mfano wa kwanza, hata vichwa vya ribiti vilivyo vidogo kuliko mbegu ya mchicha. Kalibu ya mpira haidumu. Ikisha kutoa nakala kadhaa huanza kuchanika, ikatakiwa nyingine. Ndiyo maana njia hii hupendwa na mafundi wadogo wanaouza nakala chache za vitu ambavyo viwanda vikubwa havioni faida kuviunda. Nani mwenye kiwanda angetia mali yake katika garimoshi la shamba la mkonge?

Kila nakala huzaliwa na ila zake. Pale zikutanapo pande mbili za kalibu hubaki utando mwembamba kama pindo la chapati. Pale iliponaswa hewa hubaki tundu. Kipande chembamba kikitolewa kabla hakijakomaa hupinda. Kwa hiyo apokeaye sanduku la vipande hivyo hapokei garimoshi, bali hupokea nusu ya kazi ya mtu mwingine na wajibu wa kuitimiza.

Mwalimu alianza kwa kuosha. Karatasi ya maelezo ilionya ya kuwa kalibu hupakwa dawa ili nakala isinase, na dawa hiyo hubaki juu ya kipande na kuikataa rangi. Alivisugua vipande vyote kwa mswaki mkuukuu, katika bakuli la maji ya uvuguvugu na sabuni, akavianika juu ya kitambaa. Paa lililopinda alilitumbukiza katika maji ya moto likalegea, akalilaza juu ya kioo mpaka lilipopoa, likanyoka. Utando aliukata kwa wembe. Kusugua kwa msasa alikufanya ndani ya maji, barakoa usoni, kwa kuwa vumbi la rezini ni adui wa mapafu. Matundu aliyaziba kwa gundi kali na chembe za magadi soda, ambavyo vikikutana hugeuka jiwe kwa kufumba na kufumbua.

Gundi hiyo ndiyo iliyomfunza adabu. Gundi ya kawaida ya plastiki haifai kwa rezini, maana haina nguvu ya kuiyeyusha na kuishikanisha. Hutumika gundi kali ya matone, nayo hushika kwa sekunde chache, na upesi huo ni neema na balaa pamoja. Mwalimu aliushikisha ubavu wa kulia ukiwa umekwenda upande kiasi cha unywele. Alipojaribu kuubandua, ngazi ya kupandia kibandani, ile ile ambayo baba yake alikuwa akiikanyaga kila alfajiri, ilivunjika ikaruka, wala haikuonekana tena chini ya meza wala penginepo. Alikaa kimya kitambo. Baadaye alichukua waya wa shaba, akaukunja, akaunda ngazi nyingine kwa jioni mbili. Ilikuwa imara kuliko ya kwanza, na haikuwa nzuri kama ya kwanza.

Walakini taabu iliyomsumbua zaidi haikuwa ya mikono. Ilikuwa ya hesabu. Mfano ule uliundwa kwa kipimo cha 1 kwa 76, yaani kila milimita moja ya mezani ilisimama mahali pa milimita 76 za shambani. Reli ya milimita 600 ikigawanywa kwa 76 hutoa milimita 7.9. Lakini magurudumu yaliyoletwa yalikuwa ya reli ya milimita 9, kwa sababu hiyo ndiyo reli ndogo ipatikanayo kwa urahisi, nayo ilikusudiwa kwanza kwa mifano midogo zaidi ya reli pana. Mwalimu alizidisha: 9 mara 76 ni 684. Basi garimoshi la baba yake lilikuwa limepanuliwa kwa milimita 84, ambazo ni kama upana wa kiganja. Kwa mtu aliyewasahihishia watoto wa watu hesabu miaka thelathini na mitano, kosa la asilimia 14 halikuwa jambo la kufumbia macho. Alikifunga kijisanduku, akaandika kwa binti yake ya kuwa mfano si wa kweli.

Jibu lilikuja baada ya siku chache. Binti alikuwa amemwuliza yule mzee, naye alimwambia ya kuwa kosa hilo lajulikana na kila mtu aliyewahi kuunda magarimoshi ya namna hiyo; wenye kuunda wamelikubali, na hakuna auzaye akilificha. Mwalimu alifikiri sana juu ya maneno hayo. Alikumbuka ya kuwa ramani ya dunia ukutani mwa darasa lake ililaza bapa kitu kilicho mviringo, na manahodha waliotumia ramani za namna hiyo walifika bandarini. Alikumbuka pia ya kuwa yeye mwenyewe aliwafundisha watoto ya kuwa pai ni 22 kwa 7, akijua vema ya kuwa sivyo hasa. Kosa lililotajwa kwa kiasi chake si uwongo. Hugeuka uwongo pale linapofichwa. Alikifungua kijisanduku tena. Chini ya garimoshi, mahali pasipoonekana, aliandika kwa kalamu ya risasi namba 84, asije mtu akadhani ya kuwa hakujua. Kisha akaendelea.

Boila ilikuwa tupu ndani, na garimoshi jepesi halivuti kitu: magurudumu huzunguka bure juu ya chuma. Alikwenda ufukoni akanunua chubwi za risasi kwa wavuvi, akazikata vipande, akazijaza ndani ya boila na chini ya paa. Uzito ulipotosha, garimoshi lilitembea juu ya kipande cha reli kilichokuja nalo, polepole, bila kusita. Mkewe, aliyekuwa akipita na sinia ya mchele, alisimama akatazama, akasema, "Kumbe linakwenda," akaendelea na kazi yake. Mwalimu alizihesabu sifa hizo kuwa nyingi.

Rangi haishiki juu ya rezini pasipo rangi ya msingi. Mwalimu alilichukua garimoshi ndani ya kopo la majani ya chai mpaka gereji moja ya mtaani, ambako fundi hupuliza rangi magari yaliyogongwa. Fundi alilitazama, akasema, "Shikamoo, Mzee. Gari lako ni dogo kuliko boliti zangu." Hata hivyo alilipulizia rangi ya kijivu, tabaka moja jepesi kama umande, akakataa malipo. Rangi ya kijivu ina tabia ya kusema kweli. Matundu, mikwaruzo na nyayo za wembe ambazo zilijificha katika weupe zote zilijitokeza. Mwalimu alirudi mezani akaziba na kusugua, akarudi gereji. Alifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu fundi mwenyewe ndiye aliyelipokea kwa mikono miwili.

Kisha alilipaka rangi nyeusi kwa brashi, akiizimua kwa tina. Rangi nzito huzizika ribiti, na kilichozikwa hakifukuliki. Kwa hiyo alipaka tabaka nne nyembamba, kila moja ikalala usiku kucha kabla ya nyingine. Mkono wake ulitetemeka kwa uzee. Alijifunza kupaka katika kituo kifupi kilicho baina ya pumzi moja na nyingine. Boriti ya mbele aliipaka nyekundu. Vyuma vya kushikia alivisugua mpaka vikang'aa. Siku ya nane garimoshi lilisimama juu ya meza likimeremeta mfano wa kiatu cha arusi, na Mwalimu aliona ya kuwa kazi imekwisha.

Jumapili iliyofuata alikuja dada yake kutoka Muheza. Dada huyo alimzidi miaka tisa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimeambiwa umerudia utoto."

Mwalimu alilitia garimoshi katika kiganja chake. Dada alilisogeza karibu na macho, akaligeuza huku na huku kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hili silo."

"Silo kwa nini?"

"Hili safi. Tena lile lilikuwa la kijani."

Mwalimu alikataa. Alisema aliliona kwa macho yake mwenyewe, nalo lilikuwa jeusi ti.

"Ulikuwa ukiliona kutoka mlangoni," dada alisema. "Mimi nilikuwa nikimpelekea Baba chakula. Lilikuwa la kijani chini ya masizi. Ukiingia kibandani, pale chini ya paa ambapo moshi haufiki, ulikuwa ukiuona ukijani wake."

Mwalimu alinyamaza. Kisha, kama mtu atafutaye mahali pa kushika, alimwuliza kama anakumbuka Baba alivyokuwa akisimama juu ya garimoshi na kuwapungia mkono.

Dada hakujibu upesi. Alilirudisha garimoshi mezani kwa uangalifu, kana kwamba lingali la moto. "Baba hakuwa akitupungia," alisema. "Mkono ule ulikuwa ukiungua. Chuma cha kushikia kilikuwa karibu na boila, na garimoshi likitikisika hakuwa na budi kukishika. Alikuwa akiuinua apate upepo. Usiku Mama alikuwa akimpaka mafuta ya nazi. Wewe ulikuwa umelala."

Siku mbili Mwalimu hakukaribia meza. Si jambo jepesi mtu kuambiwa, katika uzee wake, ya kuwa salamu aliyoipokea maisha yake yote ilikuwa maumivu ya mtu mwingine. Aliweza kuyakataa maneno ya dada yake, kwa kuwa hapakuwa na picha upande wake wala upande wa dada. Aliweza pia kuliacha garimoshi lilivyo, jeusi na lenye kumeta, akawaonyesha wajukuu babu yao mkuu akiwa mfalme. Hapana mtu ambaye angemlaumu. Katika siku hizo mbili ndipo ilipoonekana kuwa hakuwa akiunda mchezo. Mchezo hauna uwezo wa kumtaka mtu achague baina ya heshima ya baba yake na taabu ya baba yake.

Siku ya tatu alifungua kopo la rangi ya kijani.

Alilipaka garimoshi lote upya kwa rangi hiyo, hata mahali ambapo alijua ya kuwa haitaonekana. Ilipokauka alisaga mkaa wa jikoni ukawa unga laini, akaupaka kwa brashi kavu juu ya boila, dohani na paa, akizidisha pale moshi unapotua na kupunguza pale mikono inapogusa. Ukijani ulizama polepole, ukabaki ndani ya kibanda na kando ya ngazi tu, kama alivyosema dada. Alichukua vumbi la tofali akalitia chini, karibu na magurudumu, kuwa kutu. Mahali ambapo mvuke huvuja na kuacha chokaa ya maji alichora michirizi myeupe isiyozidi unene wa uzi. Mwisho alipaka vanishi isiyong'aa ili uchafu ule ushike. Ilikuwa ajabu kuona ya kuwa uchafu ulihitaji subira kubwa kuliko usafi. Usafi ni wa namna moja, lakini kila doa lilidai sababu yake.

Katika jioni hizo mawazo yake yalikwenda mbali. Katika mwaka 1964 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge, ikawa ya kwanza duniani. Lakini miaka kumi kabla yake, mwaka 1954, Giulio Natta wa Italia alikuwa amekwisha kupata polipropilini, plastiki itokanayo na mafuta ya petroli, nayo ikaja kusokotwa kamba zisizooza na zilizo rahisi. Bei ya katani ilianguka. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, na katika miaka ya 1990 mavuno ya nchi nzima yalikuwa yameshuka chini ya tani 40,000 kwa mwaka. Katika shamba la baba yake matrekta yalikuwa yamekwisha kuchukua mahali pa garimoshi. Reli ziling'olewa zikauzwa kwa mizani kama chuma chakavu, na mtia kuni alirudi kukata majani mpaka alipoishiwa nguvu.

Na rezini je? Namna itumiwayo sana kwa mifano ya magarimoshi ni jamaa ya poliurethani, ambayo ilipatikana kwa kazi ya Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani mwaka 1937. Asili yake nayo kwa sehemu kubwa ni mafuta ya petroli. Basi kamba iliyoishinda katani na utomvu ulioufufua umbo wa garimoshi la katani vilitoka katika kisima kimoja. Mwalimu alipoligundua jambo hilo aliliweka garimoshi chini, akajiuliza kama halikuwa dhihaka kumkumbuka marehemu kwa mkono wa ndugu wa aliyemwua.

Alipofikiri zaidi aliona ya kuwa utomvu hauna ubaya wala wema. Hupokea umbo la kalibu, basi, na kalibu hutoa kile tu kilichotiwa ndani yake. Yule mzee wa Uingereza alikuwa mwaminifu. Alizihesabu ribiti, akapima dohani, akachonga taa. Lakini hakutia kamba, wala joto, wala mkono ulioungua, kwa kuwa hakuwapo. Hakuna awezaye kumlaumu mtu kwa kutoyajua asiyoambiwa. Aliyekuwapo ndiye apaswaye kuongeza. Aliyekuwapo asipoongeza, nakala hubaki nzuri na pungufu, na watakaokuja wataudhani upungufu huo kuwa ndio ukweli wote.

Dada alipokuja tena, Mwalimu alimwonyesha garimoshi. Alilitazama ndani ya kibanda, chini ya paa, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akasema kimebaki kitu kimoja. "Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilisokota kamba ya katani, nikampelekea pamoja na chakula. Aliizungusha kwenye kile chuma cha kushikia upande wa kulia. Tangu siku hiyo mkono wake ulipona kidogo."

Mwalimu hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo. Aliingia ndani akarudi na kipande cha kamba ya katani iliyofungiwa gunia, akatoa unyuzi mmoja. Kwa desturi yake alipima kwanza. Unyuzi ulikuwa na unene wa tano moja ya milimita hivi, na mara 76 ilikuwa milimita 15, unene wa kamba ambayo msichana wa miaka kumi na mitatu huweza kuisokota pajani. Reli ilikuwa na kosa la kiganja, lakini kamba haikuwa na kosa lolote. Katani ya kweli iliingia katika kipimo bila kupunguzwa wala kuongezwa.

Dada ndiye aliyeizungusha. Macho yake hayakuona vema, hivyo Mwalimu alishika taa na kumwambia ilipofika. Vidole vyake vilifanya kazi kama vinavyokumbuka wenyewe. Alizungusha mara saba, akakaza, na Mwalimu akatia tone dogo la gundi mwishoni. Hakuna aliyesema neno.

Waulizao faida ya kazi hiyo waweza kuambiwa ya kuwa haikuongeza pesa hata senti moja katika nyumba ile. Ndugu wawili, walioishi zaidi ya miaka sitini kila mmoja na nusu yake ya baba, walipata kuziunganisha nusu hizo juu ya kitu chenye urefu wa kidole. Kama si ubavu kwenda upande, na hesabu kukataa, na rangi kupakwa mara mbili, dada asingepewa kitu cha kukikanusha, na asiyekanushwa hasahihishwi. Mwalimu wa hesabu alilijua jambo hilo darasani, akajifunza tena nyumbani kwake.

Garimoshi liko juu ya kabati sebuleni. Wajukuu walipotaka kulishika, Mwalimu aliwaagiza wakanawe mikono kwanza. Dada, aliyekuwa ameketi mkekani, alimzuia.

"Waache walishike hivyo hivyo," alisema. "Halikuzoea mikono safi."